Jinsi watahini wanavyokadiria alama za insha
Wanafunzi wengi hudhani kwamba msahihishaji wa insha ya Kiswahili hupunguza alama kila aonapo kosa. Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, sivyo. Mtahini huisoma insha nzima kwanza, akaamua ni ya kiwango gani: D (alama 1 hadi 5), C (6 hadi 10), B (11 hadi 15) au A (16 hadi 20). Ndipo hutafuta alama yenyewe ndani ya kiwango hicho.

Kosa la sarufi au la hijai likirudiwa, huonyeshwa linapojitokeza mara ya kwanza tu. Hivyo mwenye hoja nzito na msamiati mpana aweza kumpita aliyeandika sentensi sahihi lakini kavu. Asiyesamehewa ni anayejitungia swali. Hata lugha yake iwe tamu vipi, huishia D.

Ugumu uko mpakani. Kati ya 10 na 11 kuna alama moja tu, lakini ndiyo inayotenganisha C na B, na hapo watahini wawili waweza kutofautiana. Kwa sababu hiyo hukubaliana kwanza juu ya mwongozo wa kusahihishia, na kiongozi wa kundi huzipitia upya baadhi ya karatasi zilizokwisha kutiwa alama.