Swila wa maji: jirani mpole wa miamba ya Kasanga

Barabara ya kutoka Sumbawanga hupita Matai, kisha huteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800; ziwa liko mita elfu moja na zaidi chini yake. Katika miamba ya ufukwe huo anaishi nyoka asiyepatikana huko mlimani: swila wa maji.

Ni wa ukoo mmoja na koboko na nyoka wa marijani wa Amerika, wote wenye meno ya sumu mbele ya taya. Mwili wake ni wa hudhurungi unaong'aa, na shingoni amezungukwa na pete nyeusi. Mtaalamu wa Ubelgiji, Louis Dollo, alimtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1886, akampa jina la Émile Storms, ofisa aliyekaa Mpala, ng'ambo ya ziwa.

Chakula chake ni samaki. Huogelea akipenyeza kichwa katika kila ufa wa jiwe, humnasa samaki aliyejibanza, humla, kisha huibuka kuvuta pumzi. Anaweza kukaa chini ya maji kwa dakika kumi.

Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu na inaweza kuzuia kupumua. Hata hivyo, akikutana na mtu majini, kwa kawaida hujiendea zake. Hatari huja pale anaponaswa kwenye nyavu na mvuvi akamshika kwa mkono. Afadhali kukata nyuzi chache za wavu kuliko kumgusa. Aliyeumwa asichanjwe wala kunyonywa jeraha. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, na awahishwe hospitali. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limeyaweka madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Nasi wa milimani tuna deni kwake. Mteremko ukifyekwa na kulimwa bila matuta, mvua huteremsha udongo hadi ziwani, ukaziba nyufa za mawe ambamo samaki hujificha na kuzaliana. Samaki wakipungua, swila hukosa chakula na mvuvi hukosa kitoweo. Kulima kwa matuta na kuacha miti kwenye miteremko ni kuwatunza wote wawili.