Maziwa ya Ngombe: Fungu la Ndama na Fungu la Watoto

Siku ya kupima watoto tunauliza: "Mutoto anapata maziwa?" Wamama wengi wenye ngombe mumoja nyumbani wanajibu: "Ngombe alikauka." Na ndama? "Alikufa."

Majibu haya mawili ni jambo moja. Ngombe wetu wa kienyeji, wale wa Masisi na Rutshuru, kwa kawaida hawaachilii maziwa kama ndama hayuko karibu. Ndama anasukuma kiwele, ananyonya kidogo, ndipo maziwa yanashuka. Akikufa kwa njaa, mara nyingi mama yake anakauka. Anayekama mpaka tone la mwisho ili ajaze bidoni anawanyima watoto wake mwenyewe maziwa ya kesho.

Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, ni ya ndama. Unajua neno hili, maana tunakuambia vile vile juu ya titi lako. Lakini mutoto wako alipokea kinga kidogo tangu tumboni. Ndama anazaliwa bila kinga. Anaipata katika maziwa yale, zaidi katika saa 6 za kwanza. Siku moja ikipita, matumbo yake hayaipokei tena. Siku 4 za kwanza usiuze kitu.

Kisha fanya hivi. Mangaribi utenge ndama katika kibanda kikavu. Asubuhi umulete anyonye kidogo, umufunge karibu na kichwa cha mama yake. Nawa mikono, osha chuchu, kama chuchu mbili, umuachie mbili. Akifika miezi 3 na kula majani vizuri, unaweza kukama tatu. Usimalize kiwele: maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Mchana waende pamoja, na mangaribi usikame. Hapa Goma, penye mawe ya volkano, majani yanatoka mbali. Ngombe mwembamba umukame kidogo zaidi, hata kama wanunuzi wanangoja mlangoni.

Fungu la nyumbani ulichemshe mpaka maziwa yapande, hata yale utakayogandisha. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu, na pia brusela: homa inayorudi-rudi, viungo kuuma, hata mimba kutoka.

Na mutoto asiyetimiza miezi 6? Yeye titi lako tu, hata kama kiwele kimejaa.