Njeku Afungwe Nira Lini?

Katika uwanda wa Kano nchini Kenya, unaouzunguka mji wa Ahero, udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka wakati wa kiangazi na kunata vikali unaponyeshewa, kwa hiyo kukokota plau humwelemea hata maksai aliyekomaa, seuze njeku, yaani dume ambalo bado linakua. Ndani ya mpango wa umwagiliaji ulioanza mwaka 1969, ambao hupokea maji ya Mto Nyando kwa pampu, trekta zimechukua sehemu ya kazi hiyo, lakini nje yake wakulima wadogo wangali wanategemea mifugo.

Mfupa mrefu hurefuka kupitia sahani za ukuaji, ambazo ni tabaka nyembamba za gegedu karibu na ncha zake, na gegedu hilo likishageuka kuwa mfupa, urefu hukoma. Kwa ng'ombe, sahani iliyo chini ya mfupa wa muundi wa mbele hufunga akiwa na umri wa miaka 2 hadi 2.5, ilhali iliyo juu kidogo ya goti la mbele hungoja hadi miaka 3.5 au 4. Kuhasi huchelewesha zaidi, kwa kuwa homoni za korodani ndizo zinazoharakisha kufunga huko, na hapa ndipo wengi hukosea: maksai aliyehasiwa mapema hurefuka, akadhaniwa amekomaa, kumbe gegedu lingali wazi.

Hata hivyo, kumwacha njeku bila kazi hakumfai, maana mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba, kanuni iliyoelezwa na Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892. Nchini Marekani, David Nunamaker wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza farasi wachanga wa mashindano wanaoumia miundi, akaonyesha kwamba mbio fupi za kasi, zikirudiwa mara kwa mara, huuandaa mfupa vizuri kuliko mwendo mrefu wa polepole. Ila mfupa uliochoka hukarabatiwa kwa kuondolewa kwanza sehemu iliyochakaa, kazi ya majuma kadhaa, kisha kujazwa upya kwa miezi, na katikati ya hayo huwa dhaifu kuliko awali; ndiyo sababu mapumziko ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Kwa njeku wa Ahero, busara ni kumzoesha nira tupu akiwa na miaka 2, pembeni mwa maksai mzoefu, kisha gogo jepesi kwa muda mfupi wa asubuhi, na kumwachia plau baada ya miaka 4. Hata mkomavu hukokota kwa saa nyingi nguvu ya takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake tu, yaani kilo 30 kwa mnyama wa kilo 300, na masika ya Machi humkuta amekondeshwa na kiangazi. Akifupisha hatua, au muundi ukivimba na kuwa na joto ukiguswa, nira ifunguliwe siku hiyohiyo na daktari wa mifugo aitwe.