Kozi Watatu na Upepo wa Kaskazi

Novemba, kaskazi inapoanza kuvuma, upepo ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni na India kwa karne nyingi huwaleta pia kozi wa Amur. Ni ndege mwindaji mwenye gramu 150 hivi, anayezaliwa Siberia na kaskazini mwa China, kisha huikimbia baridi hadi kusini mwa Afrika.

Mwaka 2012 wengi hawakufika. Kwenye bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland nchini India, wanakijiji walitundika nyavu za kuvulia samaki mitini. Kozi waliokuja kulala jioni walinaswa, wakanyonyolewa, wakakaushwa kwa moshi na kuuzwa. Makadirio yalipita ndege 100,000 katika msimu mmoja. Inauma. Lakini wengi wa wategaji hao walikuwa wakulima ambao mashamba yao yalimezwa na bwawa hilohilo, na nyama ya kozi iliwapa fedha.

Mabaraza ya vijiji yakapiga marufuku utegaji huo, na mwaka uliofuata hakunaswa hata mmoja. Novemba hiyo ya 2013, wanasayansi wa India na Hungaria waliwavisha kozi watatu vifaa vya gramu tano. Kifaa hukaa mgongoni kama kibegi, kimefungwa kwa utepe laini unaopita chini ya mbawa. Juu kina paneli ya jua, nyuma antena nyembamba kama unywele. Setilaiti ikipita angani hupokea mawimbi yake, na kwa jinsi masafa yanavyobadilika inaposogea, kompyuta hukokotoa ndege alipo.

Wakapewa majina ya pale pale: Naga, Wokha na Pangti. Pangti ni kijiji kilichokuwa kikitega nyavu. Tangu hapo wanakijiji walikuwa na mwenzao wa kumuulizia: amefika wapi leo?

Alikuwa mbali. Kozi hao walivuka India, wakaingia Bahari ya Arabu, maji ya kilomita zipatazo 3,000 yasiyo na tawi la kutua, wakafika Somalia. Watafiti wanahisi njiani hula kereng'ende, ambao nao huvuka bahari kwa upepo uleule. Kozi mwana mandanda, walisema wahenga, kulala na njaa kupenda.

Mwaka 2014, Naga na Pangti walirudi Doyang.

Huku kwetu, tazama Tsavo mvua za vuli zikishanyesha. Kumbikumbi hutoka ardhini kama moshi, na kozi huwadaka kwa kucha na kuwala hewani, bila kutua.