Pesa za mji wa Likasi: zinatoka wapi, na nani anaamua?



Tunapokaa pamoja na familia zilizokimbilia Likasi na wenyeji waliozipokea, mara nyingi tunasikia maneno mawili. Wenyeji wanasema: "Wageni wamejaa, ndiyo sababu maji hayatoshi." Wageni nao wanasema: "Pesa ziko, lakini wakubwa wanatengenezea watu wao tu." Kila upande unamtazama jirani. Hakuna anayetazama buku la hesabu.

Maneno kama hayo si ya kuchezea. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja gari moshi. Yalianza kwa maneno kama hayo: nani mwenyeji, nani mgeni, nani anakula kazi ya mwingine. Kwa hiyo kujua njia ya pesa za mji ni kazi ya amani. Anayejua njia hiyo anauliza swali mahali panapofaa, wala hamshiki jirani shingo.

Mji na komini

Katiba ya mwaka 2006 na sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 zinaupa mji haki ya kuwa na mali yake na bajeti yake. Komini nayo ina haki hiyo. Likasi ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kwa hiyo kabla ya kulalamika juu ya mfereji au soko, tuulize kwanza: kazi hii ni ya mji, ya komini, au ya jimbo la Haut-Katanga? Wengi wanapoteza miezi wakipiga hodi kwenye mlango usio wao.

Vikapu vitatu vya mapato

Kikapu cha kwanza ni kodi ndogo za hapa hapa, kama ushuru wa soko. Mama anayeuza unga wa mahindi sokoni analipa, awe mwenyeji au mkimbizi. Basi asiambiwe kwamba yeye anakula pesa za mji bila kuchangia.

Kikapu cha pili kinatoka Kinshasa. Katiba inasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya taifa. Katika sehemu hiyo, sheria ya 2008 inatoa asilimia 40 kwa miji, komini, sekta na usultani. Ukipiga hesabu, katika kila franka 100 za taifa, 16 zingefika chini. Kwa miaka mingi zimefika pungufu, tena kwa kuchelewa. Sheria inataka zigawanywe kwa kutazama uwezo wa uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Lakini sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984. Familia iliyokimbia Mitwaba au Pweto miaka mingi baadaye haimo katika hesabu ile. Ndiyo maana tunawasihi wakuu wa kartié waandike kila nyumba inayofika, bila kuficha na bila kuongeza.

Kikapu cha tatu ni mrabaha wa madini, ambao wengi wanauita redevansi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaugawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au usultani ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inalipiwa asilimia 3.5 ya thamani yake. Tuseme shaba ya dola 1,000,000 imeuzwa. Mrabaha ni dola 35,000, na asilimia 15 yake ni dola 5,250.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Malori ya madini yanapita Likasi mchana na usiku, watu wanameza vumbi, wanadhani pesa zake zinabaki mjini. Sivyo. Ile 15 inakwenda mahali penye mgodi. Mgodi ukiwa nje ya mipaka ya Likasi, upande wa Kambove kwa mfano, fungu hilo si la Likasi.

Bajeti: kisichoandikwa hakilipwi

Bajeti ya mwaka inaanza tarehe 1 Januari na kuisha 31 Desemba. Inaandaliwa kabla ya mwaka kuanza. Kikundi kinachokwenda kuomba bomba la maji mwezi wa Februari kinakuta sufuria imekwisha kuepuliwa. Tupeleke maombi katikati ya mwaka, kwa maandishi, na tubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Sheria inataka bajeti ya mji ipigiwe kura na baraza lililochaguliwa. Hilo bado. Uchaguzi wa madiwani wa komini wa Desemba 2023 ulihusu miji mikuu ya majimbo, na Likasi si mji mkuu wa jimbo. Meya anateuliwa na Rais wa Jamhuri. Kwa kuwa hakuna diwani wa kutusemea, tunapaswa kujipanga zaidi.

Hili linawezekana. Kivu ya Kusini, miaka ya 2010, komini za Bukavu na usultani wa Luhwinja walijaribu bajeti ya ushirikiano: watu waliitwa kwa ujumbe wa simu, wakakutana, wakachagua kazi ya kutangulia. Njia hiyo ilianzia Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989.

Zabuni: nani anapewa kazi?

Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 inasema kazi ya umma itangazwe, makampuni yashindane, na bahasha zifunguliwe mbele ya watu. Kumpa mtu mmoja kazi bila ushindani kunaruhusiwa kwa nadra, kwa sababu maalum na kwa idhini. Tena ni marufuku kukata kazi moja vipandevipande ili kila kipande kionekane kidogo na kukwepa zabuni.

Tuseme shule inajengwa mtaani kwenu. Mnaweza kuuliza bila ugomvi: tangazo lilibandikwa wapi? Ni makampuni mangapi yalileta bei? Mkataba ni wa kiasi gani, na kazi itaisha lini? Nani atakagua kabla ya malipo ya mwisho? Shule ikipasuka ukuta baada ya mvua moja, watoto wa wenyeji na wa wakimbizi wanakaa juani pamoja.

Mkopo: deni la kesho

Mji unaweza kukopa, lakini kwa kazi za kudumu, kama barabara au soko. Mkopo si wa kulipa mishahara wala safari. Sababu ni nyepesi: soko litaleta ushuru wa kulipa deni, safari haileti kitu. Wenzetu wa Kenya wameweka kufuli mbili katika katiba yao ya 2010: kaunti haikopi bila dhamana ya serikali kuu na kibali cha baraza la kaunti. Lakini deni lina sura nyingine isiyotangazwa. Fundi aliyejenga na hajalipwa ni mkopeshaji asiye na hiari. Safari ijayo ataongeza bei, au atapunguza simenti.

Tufanye nini?

Tunashauri kila kartié iwe na kamati ndogo ya watu sita au wanane, wenyeji na wakimbizi nusu kwa nusu, na akina mama wasikose. Kamati isiende na madai ishirini. Ichague moja linalogusa wote, kama bomba, mfereji au choo cha shule. Iombe kuona mstari wake katika bajeti. Ikijibiwa, jibu lisomwe mbele ya watu wote, hata likiwa baya. Isipojibiwa, iandike tena, kwa adabu, na kutaja tarehe ya barua ya kwanza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni maneno gani yanasemwa mtaani kwetu juu ya wageni au wenyeji kuhusu maji, kazi na shule? Ni yapi tumeyahakikisha?
2. Ni kazi gani moja ambayo familia zote zingeifurahia?
3. Kazi hiyo ni ya mji, ya komini au ya jimbo? Nani kati yetu atakwenda kuuliza, na lini?

Haba na haba hujaza kibaba. Barua moja yenye muhuri, iliyotiwa sahihi na mwenyeji na mkimbizi pamoja, haitajaza kisima kesho asubuhi. Lakini wawili waliotia sahihi karatasi moja wamekwisha kuanza kuaminiana, na uvumi utawapata wakiwa upande mmoja.