Istiari si jina la kukariri

Mwanafunzi wa Kangemi anayejiandaa kwa KCSE huweza kukukariria tamathali zote za Kiingereza kabla matatu haijafika katikati ya jiji. Muulize kila moja inafanya kazi gani, naye atanyamaza.

Chukua istiari. Riwaya ya marehemu Margaret Ogola, The River and the Source (1994), iliyotahiniwa shuleni kwa miaka mingi, imeibeba jaladani. Chemchemi ni Akoko. Mto ni vizazi vilivyotokana naye. Lau mwandishi angesema Akoko ni 'kama' chemchemi, hiyo ingekuwa tashbihi tu. Istiari huyaacha maji yatiririke: mto hupanuka kadiri uendavyo mbali, bali hauwezi kukikana chanzo chake. Aandikaye 'istiari' akaweka nukta amejibu nusu ya swali.