Kuharisha Kunakorudi: Nani Atalipa?

Je, umewahi kuharisha, ukameza vidonge, ukapona, na baada ya wiki mbili ukaanza tena? Wako watu hapa Mbuji, na kule pwani ya Ziwa Nyasa, wanaoijua taabu hii. Kila mara wanakwenda dukani. Kila mara fedha inatoka. Leo tutaeleza kwa nini kuharisha kwa namna hii hurudi, na jinsi bima inavyoweza kukusaidia.

Ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi vijidudu wengi sana. Hawaonekani kwa macho. Usiwaogope wote, kwa sababu wengi ni rafiki zetu. Husaidia kusaga chakula. Tena huwazuia vijidudu wabaya wasipate nafasi.

Dawa za antibiotiki, kama ampisilini, huua vijidudu. Lakini hazichagui. Huua wabaya na wazuri pamoja. Fikiri shamba lako la ngolo. Ukilifyeka likabaki tupu, kitu gani huota kwanza? Magugu! Hata tumboni ni hivyo hivyo.

Gugu moja baya sana ni kijidudu ambacho wataalamu hukiita Klostridiamu difisile. Mwaka 1978 walitambua kwamba ndicho huwaharisha vibaya watu waliotumia antibiotiki. Watafiti walioandika mwaka 2015 walikikuta pia Mwanza, kwa wagonjwa wachache. Kijidudu hiki hutengeneza kitu kama mbegu yenye ganda gumu. Dawa huua kijidudu, mbegu inabaki. Dawa ikiisha, mbegu inaota. Ndiyo maana ugonjwa hurudi.

Je, iko tiba? Iko, na usicheke. Waganga huchukua kinyesi cha mtu mwenye afya, wakakipima, wakakisafisha, kisha huwaingiza vijidudu wake wazuri katika utumbo wa mgonjwa. Ni kama kurudisha mbegu njema shambani. Daktari Ben Eiseman na wenzake wa Marekani waliandika habari za tiba hii mwaka 1958. Mwaka 2013 waganga wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio lao. Kati ya wagonjwa 16 waliopewa tiba hii, 15 walipona. Kati ya 13 waliopewa antibiotiki peke yake, walipona 4 tu.

Lakini usijaribu nyumbani hata kidogo! Mwaka 2019 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba mgonjwa mmoja alikufa, kwa sababu kinyesi alichopewa kilikuwa na vijidudu sugu.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwaka 2022 na 2023 Marekani iliruhusu dawa mbili za namna hii zilizotengenezwa kiwandani. Bei yake ni maelfu ya dola. Mkulima hawezi, hata mfanyakazi wa huko hawezi peke yake. Ndipo bima huingia. Lakini kampuni ya bima hailipi kwa maneno matupu. Huuliza: Kinyesi kilipimwa? Ugonjwa umerudi mara ngapi? Ulitumia dawa gani kwanza? Asiye na karatasi za kujibu maswali hayo huachwa nje.

Zahanati yetu ya kijiji haina tiba hiyo. Tena, kwetu kuharisha kunakorudi mara nyingi huletwa na amiba, jiadia, au maji machafu. Hayo yanatibika karibu na nyumbani. Lakini maswali ya kujibu ni yale yale, na shida ya fedha ni ile ile.

Mwaka 2018 Serikali ilianzisha CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii. Kaya ya watu wasiozidi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwanachama alitibiwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa, kwa kufuata rufaa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo muulize mganga wa zahanati au ofisi ya kijiji: bima ya sasa ni kiasi gani? Inalipa kupima kinyesi? Inalipa dawa zipi? Nikipewa rufaa kwenda Mbinga au Songea, nitalipiwa? Andika majibu katika daftari lako. Na uulize wakati wa fedha za kahawa. Mwezi wa Februari mfuko mtupu hausikii habari za bima.

Jambo moja wengi hawalijui. Bima hailipi vidonge ulivyojinunulia dukani bila kupimwa. Mtu huyu ana kadi ndani ya sanduku, naye ananunua vidonge vya rangi mbili, vinne leo, vinne kesho. Fedha inapotea mara mbili, na wale vijidudu rafiki wanazidi kufa.

Mtoto akiharisha, usingoje. Changanya pakiti moja ya chumvichumvi ya ORS katika lita moja ya maji safi na salama, umnyweshe kidogo kidogo. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14. Ukiona damu katika kinyesi, au macho yameingia ndani, au mtoto hawezi kunywa, mpeleke mara moja.

Wewe mtu mzima, ukiharisha tena baada ya dawa, nenda zahanati ukiwa na daftari. Andika tarehe uliyoanza, tarehe uliyopona, na tarehe ulipoanza tena. Andika jina la kila dawa uliyomeza. Kama huwezi kulisoma jina lake, chukua pakiti yenyewe, hata ikiwa tupu, umwonyeshe mganga.